Mfuko wa Ndani

Siku niliyorudi kutoka hospitali
Wete nzima ilikuwa imeanika karafuu,
na mjukuu wangu Mbarouk, miaka sita, kanipokea mlangoni:
"Wamesema Babu umewekewa mpira.
Uko wapi? Tukacheze."

Mpira wangu haukuwa wa kucheza.
Ulipita njia ambayo hata mke wangu haitaji kwa jina,
ukaishia kwenye mfuko wa plastiki wenye mistari na tarakimu
kama futi yangu: mia, mia mbili, mia tatu,
ukinipima mimi, niliyepima watu miaka arobaini.

Mwezi mzima sikutoka.
Barazani wakacheza keram bila ya mimi;
nikisikia kete zikigonga, najifunika shuka.
Nilihofia harufu. Nilihofia sauti ya maji mguuni.
Zaidi nilimhofia Faki Kombo,
ambaye siri zote anazozijua ni za wenzake.

Asaa, muuguzi, alikuja na vespa ya kuazima.
Hakukaa. Hakunionea huruma.
"Mikono kwa sabuni, kabla na baada.
Mfuko uwe chini ya kiuno, usiunyanyue:
mkojo ukirudi ulikotoka, unarudi na maradhi.
Ukifika nusu, mwaga, usingoje ufurike.
Na unywe maji, mzee. Unaogopa maji kama paka!"

Kweli nikiogopa.
Nikidhani nikinywa kidogo mfuko utakaa mtupu,
na mwenye mfuko mtupu ni mzima.
Mkojo ukawa rangi ya uzi wa kaki.
Nikanywa, gilasi juu ya gilasi,
mpaka ukarudi ule umanjano hafifu,
uzi ambao dukani hakuna anayeuulizia.

Imamu nilimuuliza kwa kunong'ona.
Akanijibu kwa sauti ya kawaida, kama nimeuliza bei ya samaki:
"Wakati ukiingia, tawadha, usali.
Mwenye udhuru hakufungiwa mlango."

Usiku mfuko mkubwa hulala chini, ndani ya ndoo ya bluu.
Mize hulala upande wake wa siku zote.
"Umenyooka?" huniuliza gizani.
Anaulizia mpira.
Tunacheka mpaka kitanda kinalalamika.

Ndipo asubuhi moja nikafungua kabati,
nikatoa kipande cha bafta kilichobaki kwenye sanda ya ami yangu.
"Hicho si kile cha…?" Mize akasema.
"Ndicho. Kilizidi."
Nikashona mfuko wa kubeba mfuko,
ndani ya suruali, mguu wa kushoto,
maana wa kulia una kazi yake kwenye pedeli.
Mshono mara mbili: uzito wa nusu lita naujua sasa.
Pembeni zipu fupi,
mkono ufike kwenye koki bila ya mtu kuvuliwa heshima.

Nikaenda barazani.
Faki Kombo akanitazama kuanzia kofia hadi makubadhi.
"Suruali mpya?"
"Mpya."
"Imekukaa."
Akanisogezea kete nyeusi. Nikafungwa michezo mitatu.

Wiki mbili baadaye, baada ya isha, mlango ukagongwa.
Faki, na kitambaa cha kijivu ndani ya gazeti.
Akasimama. Akasifu cherehani. Akasifu taa.
"Nina jamaa yangu Mkoani," akasema, "kawekewa… lile jambo.
Anataka suruali kama yako.
Umbo lake," akakohoa, "kama langu langu hivi."

Nikachukua futi shingoni.
Kiuno chake nakijua, nilimshonea suti ya harusi ya pili;
kimepungua inchi tatu, sikusema.
Nikafungua daftari.
"Huyo jamaa yako, tumwekee mguu gani?"

Akageukia ukuta.
"Kushoto," akasema.
"Wa kulia ndio ninaopandia baskeli."

Nikaandika: kushoto.